Malkia wa Pili

Sikumpenda Kinyozi, na nasema mapema ili mtu asiendelee kusoma akingoja nilie. Kuna watu pale Kiganjo wakimtaja wanashusha sauti kama wako kanisani. Ati alikuwa mtu wa akili, ati alifundisha mtaa mzima kucheza chesi, ati hatutapata mwingine kama yeye. Wacha waseme. Mimi nilikaa naye ukuta kwa ukuta miaka kumi na moja, duka langu la spea za pikipiki upande huu, chumba chake cha kunyolea upande ule, na ninachokijua juu yake nilikijua kwa kuumia.

Alizaliwa wapi, baba yake alikuwa nani, hayo sijui na sikuuliza. Nilichojua vizuri ni mgongo wake. Bodi ilikaa juu ya stuli karibu na benchi ya kungojea, na yeye alisimama akinyoa mtu, uso kwa kioo, akiiona bodi kwenye kioo, kulia ikiwa kushoto. Hakugeuka. Alisema tu, "Farasi wangu, aje karibu na askofu," nawe unamsogezea kwa mkono wako mwenyewe. Ukimsogezea vibaya anazima mashine. Anangoja. Kichwa cha mteja kimeshikwa na kidole kimoja, mteja hajui aangalie wapi, na wewe unatokwa na jasho ukirudisha farasi wa mtu anayekupiga kwa mdomo tu.

Alikuwa na bwana harusi siku moja, asubuhi ya harusi yenyewe. Upande wa kushoto umeshanyolewa, wa kulia bado. Nje gari lina maua na riboni, wanapiga honi, mamake bwana harusi ameshuka amekuja mlangoni ameshika kiuno. Wakati huo mimi nilikuwa nimesogeza mnara mahali ambapo Kinyozi hakuutarajia, mara moja tu katika maisha yangu. Akainua mkono, akasema, "Dakika moja." Bana, dakika gani! Yule mama alisema kwa Kikuyu maneno ambayo siwezi kuyaandika. Kinyozi alisimama pale mpaka akapata jibu, akalitoa, akanipiga, ndipo akawasha mashine akamalizia kile kichwa vizuri sana, mstari umenyooka kama umepimwa. Watu hucheka wakisimulia hiyo. Mimi nakumbuka uso wa yule kijana kwenye kioo.

Stima zikipotea ndipo alipofurahi. Watu wengine wa biashara wakilia, yeye anavuta stuli, anakaa, anasugua mikono. Waliobaki na nusu kichwa wanakaa kwenye benchi wakingoja, na hapo ndipo michezo mikali ilichezwa.

Mimi nilinaswa siku ya namna hiyo. Ilikuwa ni msimu wa mvua, watu wa boda wamepungua, nimesimama mlangoni pake na chai. Bila kuniangalia akasema, "Wewe wa spea, unaangalia ama unacheza?"

"Sijui kucheza."

"Sijakuuliza kama unajua."

Nikakaa. Akanionyesha kila kete inavyotembea, mara moja, haraka, na akanipa sheria moja kubwa: ukigusa, umecheza. Nilipigwa kabla chai haijapoa. Nilipouliza nimekosea wapi, alisema neno ambalo nililisikia miaka yote iliyofuata mpaka likawa linanitoa roho: "Angalia tena."

Hakuwahi kukwambia kosa lako. Usidhani naongeza chumvi. Malkia wako anaweza kuwa amesimama mdomoni mwa askofu, kila mtu kwenye benchi anaona, yeye anaona, na ananyamaza. Anakutazama kwenye kioo na kunyamaza. Ukiachia kete ndipo anasema, "Angalia tena," na anakula. Siku moja nilidhani nimemziba mfalme wake katikati, mara akaniambia nimsogezee mfalme hatua mbili kando na mnara umruke. Nikapiga kelele. Nikamwambia huo ni wizi.

"Ni sheria," akasema.

"Na mbona hukuniambia?"

"Hukuuliza."

Haiya! Mtu atauliza aje kitu asichojua kipo? Nilitoka nikabamiza mlango, nikarudi dukani, na mteja aliyetaka cheni nikampa breki kwa sababu macho yangu yalikuwa bado kwenye ule mnara. Kesho yake saa nne nilikuwa kwenye benchi tena.

Hilo nalo nitasema, maana ni kweli. Chesi ni tamu. Sikuwa na kitu kingine kama hicho. Duka ni kelele, nyumbani ni kelele, simu inalia, lakini ukikaa mbele ya zile kete, kichwa kinanyamaza, na kila unachohitaji kiko hapo mbele yako, hakuna kilichofichwa. Nakumbuka siku ya kwanza niliona hatua tatu mbele: akienda hapa, nitaenda pale, atalazimika kwenda kule. Na akaenda kule kweli! Nywele za mkono zilinisimama. Nilishindwa mchezo huo pia, lakini jioni nilitembea nyumbani nikitabasamu peke yangu, mke wangu akauliza kama nimekunywa.

Kete zake zilikuwa za zamani na zingine zimepotea. Mnara mmoja mweupe ulikuwa plagi ya pikipiki iliyochoka, nilimpa mimi. Askari wawili weusi walikuwa vizibo vya soda. Na malkia alikuwa mmoja kila upande, basi. Sasa, hapo ndipo shida yangu yote na yule mtu ilipo, kwa hivyo nitaieleza polepole.

Askari akifika mwisho wa bodi anapandishwa cheo. Kila mtu anajua hivyo. Lakini kwa Kinyozi, askari akifika mwisho alifufua mfu. Unachukua mmoja kati ya waliokwisha kuliwa, unamrudisha. Kama malkia wako ameshakufa, unamfufua malkia. Kama yuko hai, pole, chukua farasi ama mnara. Alikuwa mzee wa kanisa, na alisema kwa sauti ya kutangaza ndoa: "Mfalme ana bibi mmoja. Hapa hatuoi wawili."

Kulikuwa na mzee mmoja Mwislamu, muuza sufuria pale karibu na steji ya matatu, mcheshi sana, na kila mara alijibu, "Basi mimi nicheze na wanne, dini inaniruhusu." Benchi yote inacheka. Kinyozi hacheki. Sheria ni sheria. Sisi sote, kuanzia watu wa boda mpaka mwalimu mmoja wa shule ya msingi, tulicheza hivyo. Hatukujua kuna namna nyingine. Nani angetuambia?

Halafu kukawa na mashindano ya wazi mjini Thika, katika ukumbi wa shule moja. Nilikuwa nimeshakuwa mtu wa pili kwa ukali pale kwa Kinyozi. Wa kwanza ni yeye, na huyo sikuwahi kumshinda, hata mara moja, hata kwa sare. Nilimwambia tuende pamoja. Akasema hana haja ya kucheza na watu asiowanyoa. Nikafunga duka Jumamosi, nikavaa shati ya kanisani, nikaenda peke yangu.

Nilicheza vizuri mpaka nikashangaa. Mchezo wa mwisho nilipewa msichana wa chuo, mdogo, kofia imegeuzwa nyuma. Akanipeleka mbio, nikamrudisha, watu wakaanza kusimama karibu na meza yetu. Na hapo askari wangu akafika mwisho. Malkia wangu yuko hai. Nikanyoosha mkono kwa wafu, nikachukua farasi, nikamweka.

Yule msichana aliinua macho. Msimamizi akaja, akainama, akaniuliza polepole kama nina uhakika. Nikamjibu kwa kifua, "Sheria ni sheria, bwana." Najisikia vibaya hata nikiandika hapa.

Farasi hakunisaidia kitu. Nilipigwa. Tuliposalimiana mikono yule msichana akauliza, kwa upole kabisa, "Uncle, mbona hukuchukua malkia?"

"Malkia wangu alikuwa hai."

"Lakini Uncle, unaweza kuwa na malkia hata tisa."

Mtu nyuma yangu akacheka, na wengine wakafuata. Si kicheko kibaya, nafikiri, lakini mimi nilikuwa mtu mzima mwenye shati ya kanisani, na masikio yalinichoma mpaka Kiganjo.

Nikaingia kwake moja kwa moja. Kumejaa, Jumamosi jioni, kila mtu anataka kichwa cha Jumapili. Nikasema mbele yao wote, "Wewe ulinidanganya! Umetudanganya sisi sote hapa miaka yote! Malkia wanaweza kuwa wawili, wanaweza kuwa tisa, na wewe ulijua, ukaficha kama ulivyoficha ile ya mnara kumruka mfalme!"

Mashine ikazimwa. Alinitazama kwenye kioo. Hata siku hiyo hakugeuka.

"Nani amekwambia?"

"Dunia nzima inajua!"

"Hapa," akasema, "tunacheza ya hapa." Akawasha mashine.

Hakusema pole. Hakusema hata "kumbe." Nilingoja wiki, nikangoja mwezi, yeye upande ule wa ukuta, naisikia mashine yake inavuma, na neno moja halikutoka. Kuanzia hapo nilikuwa na haja mbili tu na yule mtu: nimpige mara moja, na akubali kwa mdomo wake kwamba alikosea. Mke wangu aliniambia nimekuwa mtoto. Inawezekana. Baadaye kodi ya pale ikapanda, nikahamisha duka Gitothua, kule Ruiru, na niliondoka bila kumuaga.

Nisiseme mabaya tu, watu wa Kiganjo wataniandama. Baba yangu alipokuwa mgonjwa, kabla ya hayo yote, Kinyozi alikuja nyumbani kila baada ya wiki mbili kumnyoa. Hakuna aliyemwita. Alibeba mashine yake ya betri na taulo safi, akamkalisha mzee kwa mito, akamnyoa taratibu akimshika shingo kwa kiganja, akampaka spiriti na poda, akaondoka. Hata chai alikataa. Mama alikuwa anasema baba analala vizuri siku hizo. Na kwa watu wangapi wengine alikuwa anaenda hivyo, hakuwahi kutaja. Alinyamazia hilo pia, kama alivyonyamazia kila kitu. Naliandika kwa sababu lilitokea, si kwa sababu linanifurahisha. Ingekuwa rahisi kumchukia mtu mbaya moja kwa moja.

Mwaka jana binti wa Kinyozi akanikuta dukani. Alikuja kumnunulia mume wake tairi, akanitambua kabla sijamtambua.

"Wewe si wa spea wa Kiganjo? Baba anakuulizia kila siku."

"Ananiulizia nini?"

"Kama bado unacheza. Tuko naye Mwiki. Alipata stroku, mkono wa kulia haufanyi kazi. Njoo umuone, tafadhali."

Nilienda Jumapili baada ya kanisa, na tusidanganyane, sikuenda kwa huruma. Nilipita kwanza dukani mjini nikanunua seti mpya ya chesi, kete nzito, na kila upande umewekewa malkia wa ziada. Malkia wanne kwenye mfuko mmoja. Nilitaka nimpangie hizo kete mbele yake, nimpige, halafu nimwonyeshe.

Alikuwa amekaa kwenye kiti karibu na dirisha. Amepungua. Mtu fulani alikuwa amemnyoa vibaya, mabaka mabaka nyuma ya masikio, na nilifurahi kuona hivyo, Mungu anisamehe. Kwa mara ya kwanza tulikuwa uso kwa uso bila kioo.

"Umenenepa," akasema. Maneno yalitoka polepole, upande mmoja wa mdomo.

"Na wewe habari ya siku nyingi."

Nikatoa seti yangu. Akaitazama, akaisukuma kando kwa mkono wa kushoto. "Toa hiyo. Leta yangu." Binti yake akaleta ile ya zamani, na vizibo vyake, na plagi yangu bado imo. Nikarudisha seti kwenye mfuko, nikauweka mfuko miguuni, malkia wanne ndani.

Tukacheza. Sitasema alicheza vibaya, maana hakucheza vibaya. Alikuwa bado ananibana kila mahali, isipokuwa sasa nilikuwa nimecheza Ruiru miaka mitano na watu wanaosoma vitabu. Mchezo ukasimama katikati, hauelekei kwangu wala kwake. Halafu nikaona kitu ambacho nilipaswa kukiona mapema. Askari wake mmoja, kizibo cha soda, alikuwa amepenya, na sikuwa na la kumzuia. Akamsukuma kwa kidole. Amefika mwisho.

Malkia wake alikuwa hai.

Nilihesabu haraka. Akiweka malkia wa pili, nimefungwa kwa hatua mbili, hakuna njia. Akifufua farasi, napona, na nikipona nashinda. Mfuko ulikuwa umegusana na mguu wangu. Nilichohitaji kufanya ni kuinama, kutoa malkia mweusi, na kumwambia, Kinyozi, chukua.

Alinitazama. Alinitazama muda mrefu sana, jicho moja limelegea kidogo.

"Amefika," akasema.

"Amefika," nikasema.

Akangoja. Mimi nikaangalia bodi. Mwishowe mkono wa kushoto ukaenda polepole kwa wafu, ukamchukua farasi, ukamweka.

Nikashinda. Hatua kama kumi baadaye mfalme wake hakuwa na pa kwenda. Miaka yote hiyo, na hatimaye! Nilitaka kuruka. Akanyoosha mkono wa kushoto nikaushika, ulikuwa mwepesi. Na hapo, badala ya kutosheka, shetani akanisukuma nimalizie. Nikainama, nikatoa malkia mweusi kwenye mfuko, nikamsimamisha pale kizibo chake kilipofika.

"Unaona? Pale ungechukua huyu, ungenifunga. Hiyo ndiyo sheria ya dunia nzima."

"Najua," akasema.

"Tangu lini?"

"Ile Jumamosi ulinipigia kelele sikujua. Jumatatu nilifunga, nikaenda Thika mjini, nikauliza." Akapumzika kupata pumzi. "Ulisema kweli. Nilikosea. Nilifundisha watu wengi vibaya. Na wewe ulichekwa kwa sababu yangu. Hiyo ndiyo nilikuitia."

Miaka mitano na zaidi nilikuwa nimeyangoja maneno hayo, na nilikuwa nimepanga nitakavyokaa nikiyasikia.

"Sasa kama ulijua," nikasema, "mbona umechukua farasi?"

"Wewe pia ulijua."

Nikamtazama yule malkia mweusi.

"Nilingoja uniambie," akasema. "Siku zote unalia mimi sisemi. Leo ilikuwa zamu yako." Akamgusa yule malkia mpya kwa kidole, akamsogeza mpaka ukingoni mwa bodi, upande wangu. "Angalia tena."

Nikaokota vitu vyangu. Sijui hata nilimuagaje. Nilikuwa na hasira, kwa sababu yule mzee, na mkono mmoja, na kichwa kilichonyolewa vibaya, alikuwa amenipa kila kitu nilichotaka kwa siku moja na hakuna hata kimoja kilichokuwa na ladha.

Binti yake alikuwa sebuleni anapanga vikombe. "Mnamaliza mapema hivi?" akauliza. "Nani ameshinda?"

Mlango wa chumba ulikuwa wazi. Kinyozi alikuwa amesikia swali, najua alisikia, na alinyamaza kama kawaida yake, akingoja niseme mwenyewe.